Tasnifu ya Sheria Inapokwama: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Tasnifu ya sheria mara nyingi huumwa mahali pamoja na kuonyesha maumivu mahali pengine. Mwanafunzi hulalamika kwamba sura ya tatu haiishi, msimamizi hulalamika kwamba haoni uchambuzi, mtahini hulalamika kwamba mapendekezo hayahusiani na yaliyotangulia, na kila mmoja hudhani kwamba ana lalamiko lake la peke yake. Baada ya kusoma rasimu nyingi za wengine, na baada ya kuisumbukia yangu mwenyewe, nimefikia kuamini kwamba malalamiko hayo, ukiyafuata kinyumenyume, mengi huishia kwenye swali la utafiti ambalo halikuwahi kuwa swali. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila dalili inafuatwa hadi kwenye chanzo chake kabla ya kutajwa dawa, kwa sababu kutibu dalili peke yake huipa rasimu nafuu ya wiki moja tu.

Nitatumia mfano mmoja kila inapowezekana. Mwanafunzi wetu anataka kuandika kuhusu watu wanaonyimwa mikopo kwa sababu kompyuta imewapa alama ndogo, na sheria aliyoichagua ni Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Mfano huu unafaa kwa sababu maandishi ya kanuni hiyo yanapatikana bure kwa yeyote, na kwa sababu, kama tutakavyoona, sheria yenyewe iliendelea kusogea wakati watu wakiiandikia tasnifu.

Dalili: ukiulizwa unaandika kuhusu nini, jibu linachukua dakika tano

Chanzo ni kwamba una mada lakini huna swali. “Ulinzi wa data binafsi katika mifumo ya kidijitali” ni mada, na mada haina mwisho: kila kitabu utakachofungua kitakuwa na ukurasa unaohusika, na kila ukurasa utaomba nafasi katika tasnifu yako. Jaribio ninalolitumia ni jepesi. Liandike swali lako katika sentensi moja, kisha ujiulize kama kuna mwanasheria makini anayeweza kulijibu “hapana” na akakuonyesha kifungu kinachomuunga mkono. Kama hayupo, hilo si swali la utafiti. “Je, data binafsi zinapaswa kulindwa?” ni swali ambalo hakuna atakayekupinga ukilijibu, na tasnifu isiyoweza kupingwa haina cha kuthibitisha.

Mwanafunzi wetu alianza na swali la “Je, sheria inawalinda waombaji mikopo?”, ambalo ni afadhali kidogo lakini bado ni pana mno, maana jibu la kweli ni “kwa kiasi fulani, kutegemea mambo kadhaa”. Akarudi kwenye maandishi yenyewe. Ibara ya 22(1) inampa mtu haki ya kutowekwa chini ya uamuzi unaotokana na uchakataji wa kiotomatiki pekee, iwapo uamuzi huo una athari za kisheria kwake au unamgusa kwa uzito unaokaribiana na huo. Ukiisoma sentensi hiyo polepole, maneno mawili yanaanza kutikisika: “uamuzi” na “pekee”. Tuseme kampuni moja inakokotoa alama, kisha benki inaipokea na karani wake anabonyeza kitufe cha kukataa. Nani ameamua hapo? Sasa swali limepatikana: je, kampuni inayokokotoa alama inafanya “uamuzi” kwa maana ya ibara ya 22(1) ikiwa anayemkatalia mwombaji ni benki? Hilo linaweza kujibiwa ndiyo au hapana, na kila jibu lina gharama zake.

Tazama mahali swali hilo lilikotoka: ndani ya maneno ya sheria, baada ya maneno hayo kukutanishwa na tukio ambalo hayakulitaja waziwazi. Maswali mengi mazuri ya sheria hutoka mahali pa namna hiyo: neno ambalo halikufafanuliwa, hukumu mbili ambazo haziwezi kuwa sahihi zote, sheria mbili zinazomwamuru mtu mmoja kufanya mambo yanayopingana, au hali mpya inayobisha hodi kwenye kifungu cha zamani. Anayetafuta swali kwenye vichwa vya habari kwa kawaida hurudi na mada tu.

Dalili: umegundua kwamba swali lako limekwisha kujibiwa

Wanafunzi huogopa jambo hili kuliko wanavyostahili. Mwanafunzi wetu, akiwa na swali lake safi mkononi, aligundua kwamba tarehe 7 Desemba 2023, katika shauri C-634/21, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililijibu: kukokotoa alama ya mkopo kwa njia ya kiotomatiki ni uamuzi kwa maana ya ibara ya 22(1), iwapo mtu wa tatu anayepelekewa alama hiyo anaitegemea kwa kiasi kikubwa anapoamua kuingia au kutoingia katika mkataba. Jibu ni ndiyo, na limetoka mahakama ya juu kabisa katika eneo hilo.

Kama chanzo cha mshtuko huo ni kwamba hukutafuta hukumu za karibuni kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, dawa yake ni ya kuchosha lakini ni fupi: fungua tovuti ya mahakama husika, tafuta kwa namba ya ibara badala ya kutafuta kwa maneno ya mada, kisha soma kila kilichotolewa katika miaka mitano iliyopita. Utafutaji huo ufanywe kabla ya pendekezo, urudiwe katikati, na urudiwe tena kabla ya kuwasilisha. Swali lenyewe, hata hivyo, halijafa, kwa sababu jibu la mahakama huwa na sharti, na sharti huzaa swali jingine. Je, kutegemea “kwa kiasi kikubwa” ni kiasi gani? Ikiwa karani aliifuata alama katika maombi tisa kati ya kumi, je, hilo linatosha? Nani anabeba mzigo wa kuthibitisha? Mwanafunzi aliyefika hapo amepata swali bora kuliko la kwanza, na sura ya hukumu imekwisha kujipanga yenyewe mbele yake.

Dalili: utangulizi umeandikwa upya mara sita na sura nyingine hazijaguswa

Chanzo ni kuandika kwa mpangilio wa kusoma. Msomaji huanza na utangulizi. Mwandishi hana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa utangulizi huahidi mambo ambayo yeye mwenyewe hajayaona bado. Anza na sura yenye kifungu unachokibishania, hata kama ni ya tatu. Utangulizi wa kurasa mbili unatosha kwa muda wote huo, mradi uwe na swali, jibu unalolitarajia, na orodha ya sura.

Dalili: msimamizi ameandika pembeni “Haya ni maelezo. Uchambuzi uko wapi?”

Hili ndilo lalamiko ninalolikuta mara nyingi zaidi, na ndilo wanafunzi wanaloliitikia vibaya zaidi, kwa sababu hudhani kwamba uchambuzi ni kitu cha kuongezewa, kama aya moja mwishoni mwa kila sehemu inayoanza na “Kwa maoni yangu”. Matokeo yake ni rasimu ileile ikiwa imebandikwa viraka.

Angalia aya hii, ambayo haina kosa lolote la ukweli:

“Tarehe 7 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika shauri C-634/21. Shauri hili lilihusu mtu aliyenyimwa mkopo nchini Ujerumani. Mahakama ilisema kwamba kukokotoa alama kunaweza kuwa uamuzi wa kiotomatiki. Hukumu hii ni muhimu sana katika ulinzi wa data.”

Kisha angalia hii, iliyoandikwa kutokana na malighafi ileile:

“Maana pana ya neno ‘uamuzi’ iliyokubaliwa katika shauri C-634/21 inaziba pengo moja na kuacha jingine. Inaziba pengo kwa sababu kampuni inayokokotoa alama haiwezi tena kujificha nyuma ya benki inayosaini barua ya kukataa. Inaacha jingine kwa sababu ulinzi huo unasimama juu ya sharti kwamba benki iwe imeitegemea alama kwa kiasi kikubwa, na mwombaji, ambaye haoni kinachofanyika ndani ya benki, hana njia ya kulionyesha hilo. Kwa kuwa ibara ya 5(2) inamtaka mdhibiti wa data, yaani anayeamua data zichakatwe kwa nini na kwa namna gani, aweze kuonyesha kwamba anazingatia misingi ya uchakataji, hoja ya tasnifu hii ni kwamba mzigo huo unapaswa kubebwa na wanaochakata, wala si na anayechakatwa.”

Aya ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini tofauti yao haimo katika urefu. Katika aya ya kwanza mwenye kauli ni mahakama, na mwandishi ni karani anayenukuu. Katika aya ya pili mwenye kauli ni mwandishi, na mahakama imeitwa kutoa ushahidi. Tarehe imeondoka kwa sababu haikuwa na kazi. Neno “muhimu” limeondoka pia, na nafasi yake imechukuliwa na maelezo ya umuhimu wenyewe. Ibara ya 5(2) imeingia, kwa sababu mtu anayebishana hulazimika kutafuta msaada kwingine ndani ya sheria, jambo ambalo anayesimulia halazimiki kulifanya.

Ili kujua kama rasimu yako ina ugonjwa huu, nakili sentensi ya kwanza ya kila aya ya sura moja kwenye ukurasa mtupu na uzisome mfululizo. Zikianza na jina la shauri, tarehe au jina la mwandishi fulani, unasimulia. Zikisomeka kama mtu anayejenga hoja hatua kwa hatua, hata kwa kusuasua, unachambua. Jaribio hili huchukua robo saa, na sijapata kuona likidanganya.

Chini ya dalili hii kuna chanzo kingine ambacho hakitajwi sana, nacho ni woga. Mwanafunzi wa shahada anaona ni utovu wa adabu kusema kwamba jopo la majaji limekosea. Lakini mahakama zenyewe husema hivyo kuhusu mahakama. Mwaka 1966 Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya juu ya rufani, lilitangaza kwamba linaweza kuachana na maamuzi yake ya awali pale inapoonekana ni haki kufanya hivyo. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika Brown v. Board of Education, iliikataa kwa shule za umma kanuni ya “kutengwa lakini sawa”, yaani kuwatenga watu kwa rangi zao, iliyokuwa imekubaliwa katika Plessy v. Ferguson ya mwaka 1896. Katika Plessy alikuwapo jaji mmoja aliyepinga, na baadaye historia ilimpa haki yeye. Adabu ya kitaaluma inakutaka ueleze hoja ya mahakama kwa ukamilifu, kwa namna ambayo jaji aliyeiandika angeikubali, kabla ya kuikosoa. Kukosoa kwenyewe hakukatazwi.

Dalili: hoja ni nzuri lakini mtahini anaiangusha kwa swali moja

Swali lenyewe huwa dogo: “Maneno hayo yamo katika sehemu gani ya hukumu?” Chanzo ni kwamba hukumu ilisomwa kupitia kitabu au makala iliyoinukuu, na mwandishi hakuwahi kuifungua. Mambo manne hujificha katika njia hiyo ya mkato. Huenda maneno yaliyonukuliwa ni obiter dictum, yaani kauli iliyosemwa kando na ambayo uamuzi haukuihitaji, kwa hiyo haifungi mahakama yoyote. Huenda yametoka kwa jaji aliyepinga wenzake. Huenda hukumu yenyewe imekwisha kubatilishwa: mwandishi anayeitegemea Roe v. Wade ya mwaka 1973, kuhusu haki ya kutoa mimba, kama sheria ya Marekani inayotumika, bila kutaja kwamba iliondolewa na hukumu ya Dobbs mwaka 2022, ameandika historia bila kujua. Na huenda nukuu imekatwa neno la sharti, mfano “isipokuwa” au “iwapo”, ambalo ndilo lililokuwa limebeba uzito wote.

La nne ndilo linalouma, kwa kuwa haligunduliki mpaka uuone ukurasa halisi. Kwa hiyo, kwa kila hukumu unayoitegemea kwa hoja kuu (zisizidi kumi, kwa kawaida), fungua hukumu kamili, andika namba ya aya, andika ni kauli ya nani, na andika kama ilihitajika kufikia uamuzi.

Kosa linalofanana na hilo huwakuta wanaoandika kuhusu sheria za Umoja wa Ulaya. Katika mfano wetu, aya ya 71 ya maelezo ya utangulizi ya Kanuni inataja haki ya mtu kupata ufafanuzi wa uamuzi uliofikiwa. Ibara ya 22(3), ambayo ndiyo sheria yenyewe, inataja haki ya kupata uingiliaji wa binadamu, kutoa maoni na kuupinga uamuzi, na haitaji ufafanuzi. Maelezo ya utangulizi husaidia kutafsiri. Hayaanzishi haki peke yake. Mwanafunzi anayeandika “ibara ya 22 inatoa haki ya ufafanuzi” na kuweka tanbihi ya aya ya 71 ametengeneza shimo ambalo mtahini yeyote anayeijua sheria hiyo ataliona kabla hajamaliza ukurasa.

Dalili: sura ya njia za utafiti haihusiani na sura zinazoifuata

Chanzo ni kunakili sura hiyo kutoka tasnifu ya mtu mwingine. Swali la sheria huwa la aina moja kati ya tatu, na kila aina ina njia yake. Ukiuliza sheria inasema nini, unahitaji sheria, hukumu na maandiko ya wataalamu, na utafiti wa maktabani unatosha. Ukiuliza sheria inatendaje kazi, unahitaji watu, majalada ya mahakama au takwimu, na maktaba peke yake haitoshi hata kidogo. Ukiuliza sheria inapaswa kuwaje, unahitaji kigezo cha ubora, iwe haki, ufanisi au usawa, na unapaswa kukitetea kigezo hicho kabla ya kukitumia.

Kosa la kawaida ni kuwahoji mawakili ishirini ili kujua maana ya kifungu. Maoni yao ni ushahidi wa jinsi mawakili wanavyokielewa kifungu, jambo linaloweza kuvutia, lakini si ushahidi wa maana yake kisheria. Kosa la upande wa pili ni zito zaidi: kuandika kwamba “sheria hii imeshindwa kuwalinda wananchi” katika tasnifu ambayo haijamgusa mwananchi hata mmoja wala jalada hata moja. Kama unahitaji mahojiano, omba kibali cha maadili ya utafiti mapema, kwa maana data zilizokusanywa kabla ya kibali kwa kawaida haziruhusiwi kutumika, na vyuo vingi havitoi kibali cha kurudi nyuma.

Dalili: umelinganisha nchi mbili na hakuna aliyejua kwa nini

Chanzo ni kwamba nchi zilichaguliwa kwa sababu sheria zake zilipatikana kwa urahisi, au kwa sababu moja inasifiwa. Ulinganisho una maana pale nchi zote mbili zinapokabiliwa na tatizo lilelile na kulitatua kwa namna tofauti. Tatizo ndilo kipimo cha pamoja, si jina la sheria. Majina hupotosha sana. Mifumo miwili inaweza kutumia neno moja kwa vitu viwili, na kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, au kukosa jina kabisa na bado kikafanywa kila siku na watu wa ardhi, benki au ushuru. Upange ulinganisho kwa masuala: suala la kwanza, nchi zote mbili, suala la pili, nchi zote mbili. Ukiandika sura nzima ya nchi moja na sura nzima ya nyingine, kazi ya kulinganisha unamwachia msomaji, naye hataifanya.

Dalili: tanbihi haziaminiki

Hapa vyanzo ni vingi na dawa ni moja, nayo ni kuandika tanbihi kamili siku ileile unayoandika sentensi. Chagua mfumo mmoja kulingana na maelekezo ya chuo chako na usome mwongozo wake wenyewe badala ya kubahatisha kwa mifano. OSCOLA, unaotumika sana katika vyuo vya Uingereza, hauweki nukta katika vifupisho. Bluebook wa Marekani huziweka. Mtahini anayekuta nukta zimo ukurasa wa 12 na hazimo ukurasa wa 13 huanza kujiuliza ni nini kingine kilichofanywa kwa haraka, na kuanzia hapo husoma kwa jicho jingine.

Kuhusu programu za akili unde, tahadhari yangu ni ya kisheria. Programu hizi hutunga maneno yanayoelekea kufuatana, na jina la shauri pamoja na namba yake ni maneno kama mengine, kwa hiyo huweza kukupatia hukumu yenye majaji, tarehe na nukuu, isiyokuwapo popote duniani. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja zilizotegemea hukumu za kubuniwa na programu ya namna hiyo, na mmoja wao alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama hukumu hizo ni za kweli, nayo ikamhakikishia kwamba ndiyo. Kanuni isiyo na ubaguzi ni kwamba hukumu ambayo hujaifungua kwenye hifadhidata ya mahakama au ya sheria haiingii kwenye tanbihi.

Kama dalili yako ni asilimia kubwa ya mfanano kutoka programu ya kukagua wizi wa maandiko, usianze kubadilisha maneno. Fungua ripoti uone kilichopakwa rangi. Vifungu vya sheria na nukuu zenye alama zake huongeza asilimia bila kosa lolote. Aya ambazo kila neno la tatu limebadilishwa huku mpangilio wa mawazo ukiwa wa mtu mwingine ndizo tatizo, na ni tatizo hata zikiwa hazijapakwa rangi. Dawa yake ni kufunga kitabu, kusubiri mpaka kesho, na kueleza hoja hiyo kwa mdomo kabla ya kuiandika.

Dalili: msimamizi hajibu

Wakati mwingine chanzo ni msimamizi mwenyewe, na hapo fuata utaratibu wa chuo kwa maandishi na kwa heshima. Lakini mara nyingi chanzo ni ujumbe uliomfikia: kurasa 60 zilizoambatanishwa na maneno “Naomba maoni yako”. Mimi mwenyewe nilituma ujumbe wa namna hiyo na nikakaa wiki saba nikinung’unika. Nilipotuma kurasa nane zenye maswali mawili, jibu lilikuja baada ya siku nne. Mwulize jambo linaloweza kujibiwa: “Mwalimu, katika ukurasa wa 5 nimeitafsiri ibara ya 22(1) kwa namna ambayo inapingana na kauli ya aya ya 71. Je, naweza kuutetea msimamo huo kwa sababu nilizozitoa, au kuna ninachokikosa?” Baada ya kila kikao mwandikie muhtasari wa mliyokubaliana, mistari mitano inatosha, ili baada ya miezi mitatu pasiwe na ubishi kuhusu nani alisema nini.

Dalili: mapendekezo yangeweza kubandikwa kwenye tasnifu yoyote

“Serikali itoe elimu kwa umma.” “Wadau washirikiane.” “Sheria ifanyiwe marekebisho.” Sentensi hizi si za uongo, na hapo ndipo zilipo na kasoro. Chanzo ni kwamba mwandishi alifika kwenye sura ya mwisho akiwa hana jibu, akaandika matumaini. Lichukue kila pendekezo na ulitafutie ukurasa lilikotoka. Lisilokuwa na ukurasa liondolewe. Kisha, kwa lile kubwa kuliko yote, jaribu kuandika maneno halisi ya kifungu kipya. Mwanafunzi wetu aliandika hivi: “Pale alama inapokuwa imetumiwa katika kukataa ombi, itachukuliwa kwamba uamuzi uliitegemea alama hiyo kwa kiasi kikubwa, isipokuwa mdhibiti athibitishe vinginevyo.” Mstari huo mmoja ulimchukua siku mbili, na ulimlazimisha kuamua mambo aliyokuwa ameyakwepa katika sura tatu: mdhibiti yupi, athibitishe mbele ya nani, na kwa kipimo gani. Alirudi nyuma akazirekebisha sura hizo. Kazi hiyo ningemshauri mtu aifanye mapema, hata kabla ya nusu ya safari, kwa kuwa kifungu kinachokataa kuandikika kinaonyesha pengo la hoja upesi kuliko maoni ya msimamizi.

Dalili: sheria imebadilika wakati tasnifu iko karibu kuwasilishwa

Hapa hakuna aliyekosea, na hakuna haja ya kuvunja kilichojengwa. Tarehe 27 Februari 2025, katika shauri C-203/22, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba ibara ya 15(1)(h) inampa mhusika haki ya kuelezwa, kwa lugha inayoeleweka, taratibu na misingi iliyotumika katika uamuzi wa kiotomatiki uliomhusu. Kwa anayeandika kuhusu ibara ya 22, hukumu hiyo inagusa suala la ufafanuzi moja kwa moja, ingawa imepita mlango mwingine. Jiulize kwanza kama mabadiliko yanageuza jibu lako au yanabadilisha njia ya kulifikia tu. Yakigeuza jibu, zungumza na msimamizi siku hiyohiyo na uombe muda wa nyongeza. Yakibadilisha njia tu, weka tanbihi katika kila mahali panapoguswa, ongeza sehemu fupi ya kurasa mbili au tatu katika sura ya mwisho ikieleza hukumu mpya inafanya nini kwa hoja yako, na katika dibaji uandike sentensi moja inayotaja tarehe ambayo sheria ilikuwa kama ulivyoieleza. Mtahini akikuuliza kuhusu hukumu iliyotolewa baada ya tarehe hiyo, utamwonyesha sentensi hiyo, kisha utamjibu kwa mdomo.